Gauni la Zambarau

Wiki nzima mmenisimamisha njiani, sokoni, na hata kanisani wakati wa kutoa sadaka, mkiniuliza swali lile lile la hadithi yetu ya wiki jana. Alishuka au hakushuka?

Alishuka, jamani. Angefanya nini?

Polisi amesimama mbele ya tuktuk, bunduki begani, mkono juu. Dereva amezima injini na kuanza kupekua mifuko akitafuta leseni ambayo sidhani aliwahi kuwa nayo. Kutoka kizuizi kile cha Mtopanga hadi studio ya picha kule Bombolulu zilibaki dakika kumi. Dakika kumi tu, na Katana angekuwa ameketi mbele ya kamera ndani ya gauni la marehemu mama yake, kwa mara ya kwanza na, alivyojiapia, kwa mara ya mwisho.

"Mama, nimesema shuka."

Katana akashuka. Magoti pamoja, mguu wa kulia kwanza, kama Vivian alivyomfundisha kule saluni. Akavuta leso ya mabegani ikamfika shingoni. Ya kiunoni akaikaza fundo.

Na wewe uliyenunua gazeti leo kwa sababu ya matokeo ya mpira, sikiliza upesi tusiwacheleweshe wenzako. Katana Kalama ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Changamwe. Tangu utotoni hajapata kutulia moyo kama anapovaa nguo za kike. Hamdhuru mtu. Wanaojua siri hiyo ni wawili duniani: Vivian mwenye saluni, na shangazi yake Agneta.

Wawili tu. Mpaka Jumamosi hiyo, saa tano na nusu mchana.

"Jina?" aliuliza polisi. Konstebo Odhiambo, kijana mrefu wa bara, hata miezi miwili Pwani hajamaliza.

"Winfred," Katana akajibu, kwa ile sauti ya chini aliyoizoeza usiku na mchana.

"Winfred. Unatoka wapi umependeza hivi?"

"Saluni."

"Na unaenda wapi?"

"Kupiga picha."

Odhiambo akafungua mkoba, akaona kitana, poda na kitambaa, akaufunga. Hakufika chini kilikolala kitambulisho. Macho yake hayakuwa kwenye mkoba.

"Winfred, si unipatie namba yako ya simu?"

"Nimeolewa, afande."

"Na nani huyo mwenye bahati?"

Dereva wa tuktuk akacheka. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini wakacheka pia. Odhiambo akatabasamu, akampa mkoba wake na kumpisha kwa heshima zote, mkono kifuani.

"Haya, madam. Enda salama."

Katana akashusha pumzi. Akaanza kutembea. Hatua ya kwanza. Ya pili. Tuktuk ilikuwa pale pale, mlango wazi.

"We dada!"

Sauti ya kike, ya ghafla, kutoka nyuma yake.

"Naam!" Katana akaitika.

Neno lilimtoka kabla hajajua limetoka.

Aliyemwita alikuwa Koplo Kache, mwanamke mnene mfupi aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinywa maji. Aliiweka chupa chini polepole. Akasimama.

"Odhiambo, mrudishe huyo."

"Kwani nini, koplo? Si nimemsachi?"

"Hukusikia alivyoitika?"

"Amesema naam. Si hiyo ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili, baba, tena kizuri. Lakini huku kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika abee. Naam ni ya wanaume. Tunafundishwa hivyo hata meno hayajang'oka."

Ndivyo Katana alivyofundishwa. Mama yake, Mungu amrehemu, alimpiga makofi ya mdomo akiwa na miaka minne kwa kuitika abee akimwiga binamu yake. Sema naam! Nimezaa mwanamume mimi! Alisema naam siku hiyo akilia, na hajawahi kukosea tena. Alizoeza sauti, alizoeza mwendo, alizoeza kushuka kwenye tuktuk. Kuitika hakukuzoeza, kwa sababu hakukumbuka kwamba kuna siku ataitwa.

Kache alimkaribia, akamtazama koo. Katana akainamisha kichwa, lakini alikuwa amechelewa.

"Kitambulisho."

"Nimekisahau."

"Odhiambo, mwaga mkoba."

Kitana kilianguka. Poda ikapasuka. Kitambulisho kikatua kwenye mchanga, uso juu, na Odhiambo akakiinua na kusoma kwa sauti kabla hajafikiri.

"Katana Kalama. Jinsia, m..."

Akanyamaza. Vijana wa bodaboda hawakunyamaza.

"Afande, uliomba namba!" mmoja akapiga kelele. "Mpigie basi!"

Kicheko kililipuka kizuizi kizima. Odhiambo alisimama na kile kitambulisho mkononi, na uso wake ukabadilika. Katana aliona mabadiliko hayo, akaogopa kuliko alivyoogopa bunduki.

Odhiambo alinyoosha mkono, akazikamata nywele za bandia na kuzing'oa kwa mkupuo mmoja. Pini zilimchana Katana kichwani.

Kicheko kikakatika.

Kwa nini kilikatika? Kwa sababu asubuhi ile ile, saa mbili na nusu, kule Junda, watu wawili waliovaa buibui waliingia kwenye duka la dawa, wakafunga mlango, na kumkatakata mapanga dada aliyekuwa anauza. Mashahidi walisema kitu kimoja tu walichokuwa na hakika nacho. Chini ya buibui kulikuwa na viatu vya kiume.

Kizuizi chenyewe kiliwekwa kwa ajili yao.

"Ndio wao!" mama mmoja muuza viazi akapaza sauti. "Ndio hao wa Junda! Wanajifanya wanawake!"

Jiwe la kwanza lilipiga bati la tuktuk. La pili lilimpata Katana mgongoni. Dereva akawasha injini na kutoweka, hakudai hata nauli. Watu walikuwa wanakuja kutoka pande zote, kutoka kinyozi, kutoka hotelini, mmoja na kikombe cha chai bado mkononi.

"Leteni tairi tumchome!"

Koplo Kache ndiye aliyemwokoa, na sijui kama alimwokoa au alimwahirishia tu kifo. Alimshika leso shingoni, akamsukuma ndani ya gari la polisi na kuukalia mlango kwa mgongo wake. "Atakayerusha jiwe lingine atalala naye seli moja!" akafoka. Gari liliondoka kwa fujo, na pikipiki sita zikalifuata.

---

Kituoni walimkalisha kwenye benchi mbele ya kaunta. Upande wa pili wa benchi alikuwapo mwanamke mwenye mtoto mchanga, aliyekuja kuripoti kupotea kwa kitambulisho. Alimtazama Katana, akahamisha mtoto paja la pili.

Odhiambo hakuketi. "Koplo, huyu ni wizi wa mabavu. Tumemshika na nguo, tumemshika na jina la uongo. Tunangoja nini?"

"Tunangoja akili," Kache akamjibu. Akafungua kile kitabu kikubwa cha matukio, akalowesha kidole. "Wewe, Katana. Kuvaa gauni si kosa nililofundishwa chuoni. Sina haja na gauni lako. Mimi nataka saa mbili na nusu. Ulikuwa wapi?"

"Karakana ya useremala. Hapa hapa Mtopanga."

"Na nani?"

Katana akatazama sakafu.

"Nimekuuliza, na nani?"

"Na baba yangu. Tulikuwa tunapiga randa mbao za mabenchi ya kanisa. Nilifika saa moja, nikatoka saa nne kasorobo."

"Nani mwingine alikuona?"

"Hakuna. Vibarua hawaji Jumamosi."

"Basi nipe namba ya baba."

"Siwezi, afande."

"Huwezi?"

"Niueni tu. Lakini baba msimpigie."

Sasa msomaji, nawe utasema huyu naye ni mjinga wa namna gani. Mtu ana shahidi, tena mzee wa kanisa anayeheshimika Kisauni nzima, na bado anakataa kumwita. Ni aibu ya kuonwa amevaa gauni? Ni aibu, ndiyo. Lakini aibu Katana angeimeza. Kilichomziba mdomo kilikuwa gauni lenyewe, lile la zambarau lenye kola nyeupe ya lesi, alilolificha chini ya leso mbili.

Mama yake, Kanze, alifariki mwezi wa tatu. Mzee Kalama alimchongea jeneza kwa mikono yake, akaliwekea kioo kidogo usawa wa uso kama wanavyoweka siku hizi. Usiku wa kuamkia maziko alilitoa kabatini gauni la zambarau, lile alilomshoneshea mkewe walipotimiza miaka thelathini ya ndoa. Akampa dadake Agneta, kwa kuwa kuvisha maiti ya mwanamke ni kazi ya wanawake. "Mvishe hili," alisema. "Aende nalo."

Agneta hakumvisha. Alimkuta Katana nyuma ya jiko, amejifunika uso kwa mikono, akimlilia mama yake, na huruma ikamshinda nguvu. Alimpa gauni limekunjwa ndani ya gazeti. "Mama yako nimemvika jeupe la kanisani. Hili liweke wewe. Babako asijue mpaka nife." Kupitia kioo kile mzee aliona uso wa mkewe na leso iliyomfika kidevuni. Akaridhika. Akapiga misumari yeye mwenyewe, wakamzika nyumbani Kaloleni.

Ndiyo sababu Vivian alimfunga Katana leso jozi nzima kabla ya kutoka saluni. Mtopanga yote inalijua gauni lile. Na mtu mmoja kuliko wote.

Simu ya kaunta ikalia. Kache akasikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akaweka mkono wa simu chini.

"Yule dada wa duka la dawa," alisema. "Amekufa."

Nje ya lango zilikuwa zimefika pikipiki nyingine, na ngurumo za injini ziliongezeka.

"Sasa si wizi tena," Kache akaendelea. "Ni mauaji. Katana, mimi pia nina mtoto wa rika lako, nakwambia kama mama. Nikikupeleka mahakamani Jumatatu bila mtu wa kusema ulikuwa wapi, hutarudi. Na wale pale nje sijui kama watakuachia ufike Jumatatu. Namba."

Katana alilia. Alilia waziwazi, rangi ya macho ikimchuruzika mashavuni. Kisha akaitaja namba, tarakimu moja moja.

"Na mwambie aje na shangazi Agneta, tafadhali. Shangazi aniletee suruali na shati. Aingie yeye kwanza, afande. Nakuomba. Aingie yeye kwanza nibadilishe."

"Nitamwambia."

Na kweli alimwambia. Lakini tangu lini baba aliyeambiwa mwanawe ana kesi ya mauaji akakumbuka nani atangulie kuingia?

---

Dakika ishirini hazikufika. Mzee Kalama aliingia peku, unga wa mbao bado nyweleni, penseli sikioni. Nyuma yake, akihema, Agneta na mfuko wa nguo.

Mzee alipita mbele ya mwanawe bila kumtambua. Akafika kaunta.

"Afande, mwanangu yuko wapi?"

"Shikamoo, baba," Katana akasema kutoka benchi.

Mzee Kalama akageuka. Alimtazama kuanzia ndala za kike hadi leso, hadi hereni, hadi mdomo uliopakwa rangi. Agneta alimpitia Katana pembeni na kumbinya bega kwa siri, mbinyo wa mtu anayesema nipo. Katana aliushika mkono ule kwa sekunde moja.

Odhiambo akakohoa.

"Marahaba," mzee akasema hatimaye.

Akavuta kiti. "Umevalishwa na watu, au umevaa mwenyewe?"

"Nimevaa mwenyewe, baba."

"Leo tu?"

"Si leo tu."

Mzee akaichukua penseli sikioni, akaizungusha vidoleni, akairudisha. Katana alisubiri laana. Alikuwa ameisubiri laana hiyo miaka ishirini na alijua hata maneno yake.

"Afande," mzee akamgeukia Kache, "andika. Mimi ni Kalama, seremala, mzee wa kanisa. Huyu ni mwanangu wa kuzaa. Leo alikuja karakanani saa moja, tukapiga randa pamoja mpaka saa nne kasorobo. Saa mbili na nusu alikuwa ameshika ubao upande ule nami nimeshika upande huu. Hakwenda hata chooni."

Kache alikuwa anaandika kwa kasi.

"Aibu hii ninayoiona hapa ni yangu," mzee akaendelea. "Nitaibeba nyumbani, na huko tutaijua sisi wenyewe. Lakini mwanangu hajaua mtu. Na atakayesema ameua, aniambie mimi usoni."

Alimtazama Odhiambo aliposema hivyo. Odhiambo akatazama dari.

Katana alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Miaka yote ile ya kujificha, na baba yake kumbe alikuwa na nafasi ya maneno haya ndani yake! Alitaka kumpigia magoti.

"Mzee, weka sahihi hapa," Kache akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ililainika. "Nitamtoa kwa mlango wa nyuma. Gari litawafikisha."

Mzee Kalama akaweka sahihi. Akamwendea mwanawe, akasimama mbele yake. Alitafuta kitambaa mfukoni, hakukipata.

"Futa uso," alisema kwa upole. "Watu wa nje wasikuone na marangi hayo."

Na kwa kuwa Katana alikuwa anatetemeka na hawezi kujifuta, mzee akashika ncha ya leso ya mabegani, yeye mwenyewe kwa mkono wake, akaivuta ampanguse machozi mwanawe.

Agneta aliona. "Kaka, ngoja, nina kitam..."

Leso ilifunguka.

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Macho yake yalitua kwenye kola nyeupe ya lesi. Yakashuka kifuani, kwenye vifungo sita vya lulu, cha nne kikiwa cha rangi nyingine kwa sababu cha nne kilipotea siku ya sherehe na akakitafuta chini ya meza mpaka usiku.

"Hii," alisema.

Katana akaishika leso ajifunike. Mzee akaikamata na kuitupa chini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Baba..."

"Nimekuuliza umeitoa wapi!"

Katana alimtazama Agneta. Agneta alikuwa ameukumbatia mfuko wa nguo kwa mikono miwili, midomo imempauka. *Babako asijue mpaka nife.* Katana alikuwa amemwapia. Akafumba macho.

"Nilipewa, baba."

"Ulipewa na nani? Na nani, ikiwa nguo hii iko chini ya ardhi?"

Kache aliacha kuandika.

Mzee Kalama alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa kaunta. Hakuwa na hasira tena. Ningependa niwaambieni alikuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Alikuwa na hofu. Alikuwa anamtazama mtoto wake mwenyewe kwa hofu.

"Afande, futa niliyoyasema."

"Kitabu hiki hakifutwi, mzee."

"Basi ongeza. Ongeza kwamba hili gauni nimemzika nalo mke wangu, Kanze, mwezi wa tatu, kule Kaloleni. Ongeza kwamba misumari ya jeneza nilipiga mimi." Akakinyooshea kitabu kidole. "Na ongeza kwamba hiki kilichovaa nguo ya maiti mimi sikijui ni kitu gani."

Yule mwanamke mwenye mtoto mchanga akapiga ukelele. Alikuwa amesimama, amemfunika mtoto uso kwa kiganja, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Amefukua kaburi," alisema. "Jamani, amefukua kaburi la mamake!"

Akatoka mbio. Kupitia dirishani walimwona akivuka ua, walimwona akifika langoni, walimwona akizungumza. Injini za pikipiki zikazimwa, moja baada ya nyingine.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mwizi watu humpigia kelele. Kuna neno lingine, mchawi, ambalo huku kwetu huanza kusemwa kwa sauti ya chini, mdomo kwa mdomo, na likishasemwa hakuna anayeuliza ushahidi. Nalo lilikuwa limeshaanza kusemwa pale langoni.

"Odhiambo, funga mlango," Kache akasema.

Odhiambo hakusogea. Alikuwa anamtazama Katana, na aibu ya kile kicheko cha bodaboda bado ilikuwa imemkaa usoni.

"Odhiambo!"

Kache akaenda kuufunga yeye mwenyewe, akatia komeo. Nyuso zilishafika dirishani, zimebanana kwenye vyuma.

"Baba, sikufukua kitu!" Katana akalia. "Naapa! Mama hakuzikwa na gauni hili! Amevaa jeupe!"

"Umejuaje alichovaa?" mzee akauliza.

Hapo Katana akanaswa. Akamgeukia tena shangazi yake, na safari hii hakufumba macho. Alimtazama na kumwomba bila maneno. Neno moja kutoka kwake, moja tu, na wote wangekwenda nyumbani: baba angekasirika, wangenuniana mwaka, lakini wangekuwa hai.

Mzee alifuata macho ya mwanawe mpaka yakamfikisha kwa dadake.

"Agneta," alisema. "Wewe ndiye uliyemvisha. Nilikukabidhi mimi, mkononi. Waambie hawa."

Agneta alifungua mdomo. Katana aliona jibu likija, aliliona kabisa, akaanza kushukuru moyoni.

"Na huyo aliyevisha maiti naye ni nani?" sauti ikaita kutoka dirishani. "Mtoeni naye! Hawa hufanya kazi wawili wawili!"

"Mtoeni naye!" wengine wakaitikia.

Agneta aligeuka akaziona zile nyuso. Aliziona moja moja, maana nyingi alizijua. Ni za majirani zake. Mfuko wa nguo ulimponyoka, suruali ya Katana ikatandazika sakafuni.

"Shangazi," Katana akanong'ona.

"Nilimvisha ulilonipa, kaka," Agneta akasema, macho chini. "Nilimvisha hilo hilo."